Mbegu Kumi na Moja kutoka Nalasi

Siku hiyo nilichinjisha kuku watatu kabla ya adhuhuri, na hatukuwa na mgeni wala sikukuu. Majirani zangu wa Msamala hadi leo wananitazama kwa jicho la pembeni. Wanitazame.

Mama yangu nilimchukua kijijini kwao Nalasi akiwa mgonjwa, nikamleta kwangu hapa Songea awe karibu na hospitali. Daktari aliniambia bila kuzunguka: bibi asipokula, dawa hazitamsaidia. Na mama hakula. Uji aliugusa kwa ncha ya ulimi, kisha akageukia ukutani. Nilipika wali wa nazi, nilipika samaki, nilibembeleza, nililia, nikamgombeza mzazi wangu, Mungu anisamehe. Alichotaka ni majani ya maboga ya kwao. Nikanunua fungu sokoni, nikayaunga kwa karanga. Akaonja, akayatema kiganjani.

"Haya ya nani?"

Mbegu za kwao alikuja nazo mwenyewe, kumi na moja, amezifunga kwenye pindo la kanga. Nilimpigia kaka yangu simu nimuombe nyingine, akasema shamba la mama sasa lote ni mikorosho, mbegu ile hakuna tena aliye nayo. Basi nikatengeneza tuta nyuma ya jiko, nikachanganya samadi ya kuku iliyokwisha kuoza, nikazifukia zote. Zote, jamani! Mama maishani mwake hajapanda mbegu bila kubakiza. Mimi nilikuwa na haraka ya kumwona anakula, akili ikaniruka.

Kuku wangu, matetea wawili na jogoo, niliwafungia bandani. Siku ya nne mama akaanza: "Kuku wanalia." Nikajifanya sisikii. Siku ya sita asubuhi nikaona udongo umepasuka, miche mitatu imechomoza, bado imejikunja. Nikakimbia ndani kumwambia. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu afike.

"Sasa wafungulie hao," akasema. "Wana kosa gani?"

Ningemkatalia vipi? Nikalifunika tuta kwa chandarua kikuukuu, nikakandamiza pembe kwa matofali, nikawafungulia. Nikarudi kukaa kitandani kwake, nikawa namkanda miguu. Nikasinzia.

Nilipotoka, chandarua kilikuwa kimekunjamana pembeni na kuku wanaoga vumbi katikati ya tuta langu. Nilipiga magoti nikachambua udongo kwa vidole, donge kwa donge. Hakuna mche, hakuna mbegu, hakuna hata ganda. Yarabi! Nikawatazama wale viumbe nao wakanitazama. Nikasema zimo tumboni, na kilichoingia leo nitakitoa leo.

Nikamkamata tetea wa kwanza, nikambeba hadi kona ya barabara kwa fundi viatu, mzee wa msikitini kwetu. Kwetu mwanamke hachinji ikiwa mwanamume yupo. "Shikamoo baba. Nichinjie." Akaitikia, akasema bismillahi, akachinja. Nilimpasua kuku palepale, na manyoya yake. Kifuko cha shingoni: pumba na mchwa. Firigisi: mchanga mtupu.

Nikarudi na wa pili. "Mwanangu, kwako kuna shughuli?" akauliza. "Chinja tu, baba." Pumba tena.

Jogoo nilimfukuza nyumba tatu. Mzee safari hii alinyoosha mkono kumpokea kabla sijasema. Na mbegu zilikuwa kwa jogoo, wallahi, zimo kwenye firigisi, zimesagwa kuwa unga mweupe na vipande vya maganda. Niliusafisha ule unga kiganjani kwa maji ya chupa ya yule mzee, nikitafuta moja tu iliyo nzima. Moja tu. Haikuwapo.

Niliporudi, mama alikuwa macho, ameelekea mlangoni. Aliwatazama kuku mkononi mwangu, mmoja mmoja.

"Watatu," akasema. "Mmeshaanza matanga yangu?"

Nilitaka kudanganya, nikashindwa. Nikakaa sakafuni na damu ya kuku nguoni, nikamweleza yote, kwamba mbegu zake zimekwisha na sikubakiza. Nilitamani anitukane. Mama akacheka kidogo, kicheko cha kukohoa.

"Basi pika. Nionje matanga yangu nikiwa mzima."

Nikapika. Akanywa supu bakuli zima, akaomba na paja la jogoo, akalitafuna polepole mpaka mfupa. Nilifurahi kama mjinga. Nilitoka kuosha vyombo nikiimba, nikampigia kaka yangu simu: mama amekula! Niliamini nimempata.

Baada ya hapo hakumeza tena kitu zaidi ya maji. Alifariki wiki iliyofuata, siku ya Jumanne, mkono wake umo mkononi mwangu. Watu walipojaa uani kwa matanga yenyewe, wanawake wakaniuliza kuku wako wapi, nikawaonyesha banda lililo wazi.