Kamera ya Kuinamia

Krrrrr, halafu tak. Huo ni mlio wa filamu nyembamba ikimaliza kurudi ndani ya kopo lake, na mpaka leo ukinijia kichwani natabasamu kwa aibu. Nakumbuka nilivyousikia Jumatatu moja hapa Busia, kando ya malori, nikiwa nimemaliza picha thelathini na sita kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Nilijiona bingwa kabisa.

Mwanangu, niruhusu nikuite hivyo, ingawa sokoni bado naitwa dada. Umeniuliza ununue kamera gani ya filamu, ndogo au kubwa. Kabla sijakujibu, acha nikuambie nilivyokosea mimi.

Niliachia shule kidato cha pili, nikapata kazi kwa studio ya Mzee Wandera. Picha za pasipoti na za vitambulisho, hizo ndizo zilitulisha, na zote zilipigwa kwa kamera ya kisasa. Lakini nyuma ya pazia mzee alikuwa bado na chumba chake cha giza cha kusafishia filamu, na kamera mbili za zamani. Ile ndogo unaiweka jichoni, inakupa picha thelathini na sita. Ile kubwa inatumia filamu pana, inakupa kumi na mbili tu za mraba, na unaishika tumboni ukiangalia ndani kutoka juu, kama mtu anayechungulia sufuria ya ugali.

Mzee alikuwa anarudi kwao Nambale kupumzika. Akaniambia, "Nafula, moja nakuachia, nyingine naenda nayo. Kwa friji kumebaki filamu mbili, moja ya kila kamera. Jaribu, halafu Jumamosi unijibu."

Mimi nilishachagua kabla hajafunga mdomo. Ndogo! Nilikuwa naota nikitembea nayo shingoni kutoka Busia mpaka Malaba, nikipiga kila dereva na kila mama wa nyanya. Thelathini na sita na kumi na mbili, hata mtoto wa chekechea angejua ashike gani.

Basi akatokea Mama Amoit. Huyu ni mtu wa kabila la Teso, kwao Malaba, miguu yake haikumbeba tangu utotoni, na kazi yake ilikuwa kuvusha mizigo ya watu mpakani hapa Busia kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Alisikia habari za filamu, akasimama mbele ya studio.

"Nafula, nipigie picha kubwa ya ukutani. Jumapili wakwe wanatoka Tororo kuleta ng'ombe wa msichana wangu. Nataka wakiingia sebuleni wanikute pale juu."

"Hiyo ni kazi ndogo, mama."

"Sikia kwanza. Kwa picha zote za ukoo wetu, mimi ni kitambaa cha kichwa. Watu wanasimama, mimi nabaki huko chini. Uso wangu hakuna."

Nilisikia, lakini sikusikiliza. Nikasimama mbele yake na kamera jichoni, nikabonyeza, nikabonyeza, krrrrr, tak.

Mzee akasafisha filamu, tukachagua iliyo bora, akaikuza. Kipande kile kidogo kilipovutwa kufika ukubwa wa picha ya ukutani, uso wa mama ukageuka chembechembe, kama unga uliomwagika. Na picha zote nilikuwa nimezipiga kutoka juu kwenda chini. Nikampelekea hivyo hivyo.

Akaiangalia sana. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi naona kitambaa tena." Akanirudishia, wala hakupaza sauti. "Umenipiga mara thelathini na sita, msichana. Hata mara moja hukuniuliza nataka kukaa vipi."

Nililia nyuma ya studio mpaka kamasi. Halafu nikanawa uso. Filamu ilibaki moja, nafasi kumi na mbili, na Jumapili ilikuwa inakuja. Siku mbili nzima nilifanya mazoezi na ile kubwa bila filamu ndani, maana kioo chake kinageuza mambo: mtu akienda kulia, wewe unamwona anaenda kushoto. Nilipiga kuku, nilipiga ndoo, nilimpiga Mzee Wandera akisinzia.

Ijumaa nikamfuata Mama Amoit pale mpakani, kwenye stendi yao ya baiskeli. Akalicheka lile sanduku la kamera tumboni kwangu. "Leo umekuja na jiko?"

"Nimekuja kuomba msamaha na jiko langu."

Nikainama juu ya kioo. Nikasogea kushoto badala ya kulia, nikarudi, nikapotea tena. Wenzake wakaangua kicheko. "Dada, hiyo kamera imelewa?" Nami nikacheka. Lakini nilipotulia niliona kitu. Kamera ikiwa tumboni kwangu, lenzi ilikuwa sawasawa na macho yake. Kwa mara ya kwanza nilimwona mama huyu mzima, ana kwa ana.

"Mama, ungependa ukae vipi?"

Akafungua kile kitambaa, akakikunja, akakikalia. Akalaza nywele zake nyeupe kwa kiganja, akashika mikono ya baiskeli. "Hivi. Kama mwenye nyumba."

Nilibonyeza mara moja, nikangoja. Tukaongea habari za msichana wake, nikabonyeza tena. Zile kumi na mbili zilichukua alasiri nzima.

Jumamosi nilipanda boda mpaka Malaba, picha aliyoikuza mzee usiku huo nimeikumbatia. Kila kunyanzi lilionekana, kila unywele. Mama Amoit hakunisifu. Alimwita binti yake jikoni tu: "Njoo uone mama yako." Na nasikia Jumapili mkwe mkubwa alivua kofia mbele ya ukuta ule kabla hajakaribishwa kiti.

Nilichagua ile kubwa. Mzee akaniambia, "Lakini hata na ile ndogo ungeweza kuinama, Nafula." Ni kweli. Ile ndogo haina kosa; ya malori, ya soko, ya watu wanaokimbia, hakuna kama hiyo. Mwenye haraka nilikuwa mimi, na nilihitaji kamera ya kunizuia.

Kwa hiyo mwanangu, usianze kwa kuuliza inatoa picha ngapi. Uliza picha itakaa wapi, na ukubwa gani. Jiulize wewe mwenyewe una tabia gani ya kurekebishwa. Na yoyote utakayonunua, muulize mtu anataka kukaa vipi kabla hujabonyeza. Mungu akupe macho yenye subira na mikono isiyotetemeka, na watu utakaowapiga wafurahi kujiona.

Siku mzee alipoondoka nilibaki peke yangu studio. Nilishusha stendi ya kamera ya pasipoti mpaka usawa wa mtu aliyekaa kwenye baiskeli ile, nikachukua msumari, nikakwaruza alama hapo.