Nimepokea, Asante Mwalimu

Mke wangu hakuamini kumbukumbu ya mtu yeyote, hata yake mwenyewe. Kila tangazo lililotoka shuleni, liwe limekuja kwenye karatasi au limeletwa na mtoto kwa mdomo, aliliandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko. Jumatatu ufagio wa chelewa. Alhamisi samadi ndoo moja. Ijumaa maharage, na nguo za michezo zifuliwe. Jambo likishatimizwa alilifuta kwa pindo la kanga na nafasi ikabaki wazi kwa jingine. Mimi nilikuwa naingia jikoni kila asubuhi kuchukua chai, na mlango huo sikuwahi kuusoma. Nilijua tu kwamba binti yetu hajawahi kufika shuleni mikono mitupu, nikadhani hayo mambo yanajiendea yenyewe.

Mke wangu alifariki, binti akiwa darasa la sita. Aliugua wiki tatu, tukamzika nyuma ya nyumba, pembeni ya migomba. Mlangoni alikuwa ameacha mstari mmoja: Jumatano kidumu cha maji. Hiyo Jumatano ilipita tukiwa hospitali. Sikuufuta mstari ule, na niliwakataza wengine wasiuguse.

Wiki moja baada ya mazishi, mwalimu wa darasa akaniingiza kwenye grupu la wazazi. Aliandika, "Karibu baba, pole sana. Hapa ndipo tunapopeana taarifa za watoto." Zikamiminika pole na Amina mpaka simu ikapata moto. Nilikuwa kazini. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nina banda langu pale Kikatiti kando ya barabara ya Moshi, natengeneza mageti na madirisha. Nilivua glavu, nikajibu asante, nikavaa glavu. Kabla sijawasha mashine simu ikalia tena.

Nitasema ukweli kuhusu lile grupu, na atakayenuna anune. Asubuhi kabla jogoo hajamaliza kuwika, kuna mama alikuwa anatuma picha ya kikombe cha chai na maua ya waridi, eti siku yenye baraka. Anafuatia mwingine anayeuza sabuni ya maji, halafu wa vifaranga, halafu baba mmoja anayegombana na Simba na Yanga kwa pamoja. Kisha inaletwa sala ndefu ya kusambaza, na wazazi wote wanaitikia Amina, mmoja mmoja, kila Amina na mlio wake. Katikati ya vurugu hiyo ndipo mwalimu anapenyeza kwamba kesho watoto waje na fagio. Na hao hao, kwa mazoea, wanaliitikia tangazo la fagio Amina.

Baadaye mwalimu mkuu alichoka na wazazi waliokuwa wanakuja kulalamika kwamba hawakupata taarifa. Akaweka sheria. Tangazo likitoka, kila mzazi aandike "Nimepokea". Jioni mwalimu wa darasa anahesabu, na asiyejibu jina lake linabandikwa grupuni mbele ya watu wote. Huku kwetu mlimani mwalimu anaheshimiwa kama mchungaji, na hakuna anayetaka jina lake lisomwe pamoja na wazembe. Basi tukazoea kupokea kwanza. Kusoma tulikuweka kiporo, na mimi kiporo changu kilichacha.

Mimi nilikuwa hodari kuliko wengi. Simu yangu ilishanizoea kiasi kwamba nikigusa herufi ya kwanza tu inaleta sentensi nzima yenyewe: Nimepokea, asante mwalimu. Nilikuwa naituma kwa kidole gumba, kioo cha kuchomelea kikiwa bado usoni. Mwalimu aliwahi kunisifu grupuni, akaandika kwamba akina baba wengine waige mfano wangu. Nilijisikia vizuri, sifichi.

Ya ufagio na kidumu tuliyamudu, kwa sababu binti alikuwa anayasikia darasani na kuja nayo nyumbani. Alikuwa ananikumbusha akiwa mlangoni na begi mgongoni, nami nakimbia kutafuta kidumu bandani. Sikuona tatizo lolote.

Tatizo lilianza darasa la saba walipoingia kambi. Shule nyingi za huku zinafanya hivyo. Miezi ya mwisho kabla ya mtihani wa taifa watoto wanalala shuleni, wanasoma asubuhi na jioni, na simu haziruhusiwi. Nilimpeleka mwenyewe, tranka lake nikiwa nimelifunga nyuma ya pikipiki. Tulipofika getini hakushuka mara moja.

"Baba, siku ya mahafali utakuja?"

"Nitakuja. Kwani kuna nini?"

"Kuna keki. Kila mtu anamlisha mzazi wake mbele ya watu. Wanaita jina, unasimama, na mzazi wako anakuja."

"Nalijua hilo."

"Usimtume bibi. Njoo wewe."

Bibi ni mama yangu mzazi, tunaishi naye boma moja. Tangu msiba, kila penye haja ya mtu mzima pale shuleni nilikuwa namsukuma yeye, na mtoto alikuwa ameliona hilo vizuri kuliko nilivyodhani. Na keki ile haikuwa kitu kidogo. Mama yake alikuwa ameisubiri tangu mtoto yuko chekechea. Alishachagua hadi kitenge atakachovaa. Nikamwambia binti nitakuja hata barabara ikifungwa. Akashuka, akabeba tranka lake kichwani, akaenda bila kugeuka.

Mahafali yalitangazwa kuwa Jumamosi, baada ya mtihani. Safari hii nilijiandaa. Nilinunua shati jeupe, nikanunua shada la maua ya karatasi zinazometameta la kumvisha shingoni, nikawaambia wateja kwamba Jumamosi banda litafungwa. Mama akagandisha maziwa ili ampikie mjukuu loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, maana huko kambini walikuwa wanakula makande makavu siku zote.

Jumatano ya wiki hiyo, mchana, simu ililia kwa tangazo. Nilikuwa nimeinama kwenye geti la mteja mwenye haraka. Nikachungulia. Kwenye kioo cha simu nikaona mistari ile ya mwanzo tu: "Bwana Yesu asifiwe wazazi wetu wapendwa. Tunamshukuru Mungu, watoto wetu wamemaliza mitihani yao salama..." Chini yake simu imeandika "Soma zaidi". Moyo wangu ulifurahi kweli. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, pale pale bandani, nikagusa herufi ya kwanza, na jibu likaenda. Hayo ya kusoma zaidi sikuyagusa. Nikarudi kwenye geti.

Ijumaa nilikuwa Terrat, upande wa pili wa jiji, nafunga geti hilo. Simu niliitundika ndani ya koti kwenye msumari, bila mlio, kwa sababu nilishachoshwa na Amina. Nilipoitoa jioni nikakuta namba nisiyoijua imenipigia mara nyingi. Nikasema moyoni, hawa ni wale wa kuulizia bei halafu wanapotea. Sikupiga.

Jumamosi nikavaa shati. Mama akajifunga kitenge cha marehemu, kile kile kilichochaguliwa. Alikitoa kabatini bila kuniambia. Tukapanda bajaji, yeye na hotpoti ya loshoro mapajani, mimi na shada ndani ya mfuko ili lisichakae. Hali ya hewa ilikuwa safi, Meru umetoka wote mpaka kileleni. Nilikuwa na furaha, nakumbuka.

Kwenye uwanja wa shule vijana wawili walikuwa wanakunja turubai. Viti vya plastiki vimepangwa juu ya gari. Chini kumejaa vipande vya karatasi zinazometameta, za mashada ya watoto wengine, na mlinzi anazifagia kwa ufagio wa chelewa. Mama akaniuliza kwa Kimeru kama tumewahi sana. Nilishaelewa, ila miguu ilikuwa bado inaendelea kutembea.

Binti alikuwa amekaa juu ya tranka lake nje ya bweni, peke yake. Wenzake wote walichukuliwa na wazazi wao Ijumaa baada ya sherehe. Yeye alilala na matroni. Alikuwa amevaa sare, soksi amezivuta mpaka magotini. Alipotuona alisimama.

"Shikamoo bibi. Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, mahafali si ni leo?"

"Yalikuwa jana."

Mwalimu wa darasa akatoka ofisini. Nilimvaa, siwezi kukataa. Nilimuuliza wanabadilishaje siku bila kuwaambia wazazi, nilimuuliza kama watoto wasio na mama hawahesabiki katika shule yake. Nilipandisha sauti mpaka wale vijana wa turubai wakaacha kazi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa simu, akapandisha na kupandisha, akanionyesha. Tangazo la Jumatano, refu, na kule chini: kutokana na ratiba ya mgeni rasmi, mahafali yatafanyika Ijumaa badala ya Jumamosi. Chini yake tu, kabla ya mtu mwingine yeyote, jibu langu.

"Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kupokea, baba," akasema, wala si kwa ubaya. "Ndiyo maana sikuwa na wasiwasi na wewe. Jana nilipoona huonekani nikapiga na kupiga."

Namba nisiyoijua ilikuwa ya mwalimu wa mwanangu. Mwaka mzima niko naye kwenye grupu na sikuwa nimeihifadhi.

Nilirudi pale kwenye tranka. Nilikuwa sijui pa kuanzia, nikauliza swali la kijinga kuliko yote.

"Na keki?"

"Waliita jina langu mara tatu," binti akasema. "Nilikuwa nimesimama na kipande kwenye kijiti. Halafu wakaita wa pili yangu."

"Kipande ukakipeleka wapi?"

"Nikala mwenyewe."

Alilisema kama anavyosema habari za shule siku yoyote. Mama, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, alikuwa ameelewa kila kitu. Alininyang'anya mfuko, akatoa shada, akamvisha. Mtoto akaliacha kidogo shingoni kwa heshima ya bibi yake, kisha akalivua taratibu, akalikunja, akaliweka ndani ya tranka chini ya madaftari. Loshoro alikula nyumbani, vijiko viwili.

Jioni ile binti aliingia jikoni, akafunga mlango na kuuangalia. Mstari wa mama yake ulikuwa bado upo: Jumatano kidumu cha maji. Nilidhani kutoufuta ndiko kumkumbuka. Nilipomwona mtoto amesimama pale, ndipo nilipoona kwamba chini ya mstari ule, kwa zaidi ya mwaka, sikuwa nimeandika kitu.

Watu wameniambia ilikuwa siku moja tu, watoto husahau. Mjomba wake alisema hivyo, na mchungaji alielekea kusema hivyo. Ningetamani niwaamini. Lakini siku kumi za kuumwa kwa mama yake zile za mwisho mtoto anazikumbuka moja moja, hadi rangi ya shuka. Hii moja ataisahau kwa nini? Nina hasira na mgeni rasmi ambaye hata simjui, nina hasira na mama wa kikombe cha chai, na nikimaliza wote hao nabaki na kidole gumba changu mwenyewe.

Sasa yuko kidato cha pili, shule ya kutwa, upande wa Usa River. Hana maneno makali, ananisalimia, ananiwekea chakula. Matangazo ya shule hanipi tena. Anayaandika mwenyewe nyuma ya mlango wa jiko, kwa mwandiko unaofanana na wa mama yake, chini ya mstari wa kidumu, na yakishatimia anayafuta kwa kiganja. Mimi nami niko kwenye grupu la shule hiyo mpya, na ninasoma kila kitu. Nasoma mpaka sala, mpaka bei ya vifaranga. Kila asubuhi nafunga mlango wa jiko na kuusoma nao.

Mwezi uliopita lilitoka tangazo la kikao cha wazazi wa kidato cha pili, Ijumaa saa nne. Nililisoma mara mbili. Nikawahamisha wateja wa Ijumaa, nikapiga pasi lile shati jeupe, ambalo sikuwa nimelivaa tangu siku ile. Asubuhi nikaingia jikoni nikiwa nimelivaa, nikafunga mlango. Kulikuwa na mstari mpya: Ijumaa saa nne, kikao cha wazazi. Bibi.

Nilisimama hapo mpaka chai ikapoa. Chaki ilikuwa pale pale juu ya kizingiti, sikuishika.

Nilimpeleka mama kwa pikipiki, polepole kwa sababu ya mgongo wake. Nikamshika mkono hadi mlango wa ukumbi, nikamwona binti yangu anainuka na kumpa kiti karibu naye. Aliniona, akainamisha kichwa kidogo, kama anavyomsalimia mtu mzima yeyote. Nikarudi nje, nikakaa juu ya pikipiki karibu na geti. Saa nne ikafika na simu ikatetemeka mfukoni. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba kikao kimeanza na wazazi ambao bado wako nje waingie. Wazazi wakaanza kujibu mmoja mmoja, nimepokea, nimepokea. Nililisoma tangazo mpaka mwisho, nikarudisha simu mfukoni bila kujibu, nikaendelea kukaa.