Mkono wa Mama Ulipofika

Fundi cherehani wa Msalato hatumii pini. Huukunja utepe kwa kidole gumba, huulaza ukingoni mwa kitambaa, na kila akifika kwenye kona hunyamaza, hata kama umbea ulikuwa umekolea. Karishma alimletea mfarishi, tandiko la kitandani la viraka vya sari kuukuu, ambao marehemu mama yake aliushona kwa mkono akafariki kabla hajaupindia kingo. Mafundi wawili wa mjini walikuwa wamemwambia kwamba upande mmoja umepinda, lazima ukatwe kwanza.

Fundi aliupapasa upande ule. Mishono yake ilikwenda upogo, kama ya mkono uliokwisha kuchoka.

“Hapa ndipo mama yako alipofika,” alisema. “Mimi sikati.”

Alikata utepe mwembamba kwa mshazari ili unyumbuke, akaushona kwa mkono siku tatu, akiufuata ule mpindo mpaka utepe ukalala bila kikunjo hata kimoja. Karishma alipokuja kuuchukua, alipitisha vidole ukingoni kote, machozi yakimlengalenga.

“Mishono ya mama ipo yote!”

“Yote,” fundi alijibu, akautandaza mfarishi mlangoni, wapita njia nao wauone.