Mkutano wa Saa Saba na Robo

Nikimkumbuka Bi Wiesława Grądzka hasira hunipanda, na sijui nianze kumkasirikia nani: yeye, Radosław, sisi wote, au mimi mwenyewe. Miaka kumi na tano alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu cha Wólka Sowia, na kwa miaka yote hiyo hatukumpa kitu ila sifa. Sifa tulimpa nyingi. Mtu huzitoa akiwa amekaa.

Alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza na ng'ombe saba. Akishakamua alfajiri alipanda baiskeli kwenda kubandika matangazo ubaoni, kisha akaenda halmashauri kuvutana na makarani juu ya basi letu la asubuhi, ambalo kila mwaka walitaka kulifuta. Basi hilo linakuja mpaka leo. Hakuna aliyewahi kumuuliza alifanyaje.

Halafu kulikuwa na Ijumaa zake. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi aliwasha jiko katika ukumbi wa zimamoto, akaleta keki ya mbegu za mpopi, akatualika tubishane. Sharti lilikuwa moja: huruhusiwi kumjibu mtu mpaka urudie alichosema, naye akubali kwamba ndicho alichosema. Sharti la kuchosha! Lakini familia mbili zilizokuwa zikigombania mfereji zilimalizana hapo, bila polisi wala wakili. Mimi nilikwenda mara mbili. Keki nilikula.

Aliyekwenda kila mwezi bila kukosa alikuwa mpinzani wake, Radosław Kępa, mwenye duka la mbolea na matairi ya trekta. Alianza kwa kuuliza kwa nini ukumbi wetu una kibao chenye nyota za Umoja wa Ulaya. Wiesława alimwonyesha paa jipya lililolipiwa na Umoja huo. Mwaka uliofuata Radosław akawa anasema wazi kwamba mwenyekiti wetu ni mtu wa Brussels, kwenye makao ya Umoja huo, kwamba wao huko ndio wanaotuamulia na yeye huku anatupigia ngoma tucheze.

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alijua kumsikiliza mtu mpaka mtu ajione mkubwa. Kisha anamwambia: "Wao wamekuamulia maisha yako yote. Nichague mimi, nitaamua unavyotaka wewe." Ukimuuliza ataamuaje pale ambapo watu wawili wanataka vitu viwili, anacheka na kukupiga begani. Alisema pia kwamba akishinda, Ijumaa zitakoma. Porojo basi, alisema.

Sasa niwaeleze mkutano, maana ndipo tulipojikaanga kwa mafuta yetu. Kwa kanuni zetu mwenyekiti huchaguliwa kwenye mkutano wa kijiji, na lazima ifike moja ya tano ya wapiga kura. Sisi ni mia moja na sabini, kwa hiyo thelathini na wanne. Wasipofika, baada ya robo saa unafunguliwa mkutano wa pili palepale, na huo hauna hesabu. Hata wakiwa watano wanachagua. Basi tangu nipate akili sijaona watu wakiingia kwenye wa kwanza. Unafika, unasimama kwenye uzio, unavuta sigara, unasikia nani kauza ndama, na robo saa ikipita unaingia. Anayeingia mapema anaonekana ana njaa ya cheo, au hana rafiki wa kuongea naye. Wiesława alitusihi tuache tabia hiyo. Mwaka juzi alifikia hata kutudanganya kwamba idadi imetimia, ili tu tuingie. Tuliingia, tukakuta viti vitupu, tukamcheka mpaka Pasaka.

Uchaguzi uliangukia Jumapili moja ya Februari, saa saba mchana, baridi ya kukata masikio. Nilisimama kwenye uzio na Lucjan, fundi wa mapaa na rafiki yangu wa siku nyingi. Tuliwaona watu wa Radosław wakipita wawili wawili na kuingia moja kwa moja. Lucjan akasema leo huko ndani lazima wanagawa supu. Tulicheka. Naapa tulicheka.

Saa saba kamili Wiesława akatoka bila koti.

"Ingieni. Wametimia thelathini na sita. Nafungua mkutano."

"Bi mwenyekiti, haraka haraka haina baraka," Lucjan akamjibu, akimwonyesha sigara yake. "Sisi ni wa mkutano wa pili."

"Lucjan, leo hakuna wa pili."

"Na mwaka juzi ulisema hivyohivyo, mama."

Wenzetu wakaangua kicheko. Wiesława akanitazama mimi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na mimi nikatazama viatu vyangu. Akarudi ndani.

Yaliyotokea humo nilisimuliwa na karani wa halmashauri aliyekuja na karatasi za kura. Alimnong'oneza Wiesława kwamba ana haki ya kusoma taarifa yake ya miaka mitano kabla ya kura. Ilikuwa na kurasa kumi na moja. Angeisoma yote tungekuwa ndani. Wiesława akajibu kwamba watu waliofika kwa wakati wamefika kupiga kura, na hatawakalisha hapo kwa ajili ya watu wanaovuta sigara. Akasoma ukurasa mmoja. Kura zikapigwa, sanduku likafungwa. Mpaka leo nikikumbuka hilo nataka kupiga meza. Kurasa kumi na moja! Angekohoa tu kidogo katikati.

Ilipofika saa saba na robo tulizima sigara, tukakung'uta theluji, tukaingia watu ishirini na sita. Karani alikuwa anatangaza. Radosław ishirini na tisa, Wiesława saba. Kila mmoja wetu alijumlisha kichwani hapohapo mlangoni, na hakuna aliyependa jibu.

Kelele zilianzia kwa Lucjan. Uchaguzi umeibwa, karani kanunuliwa, ni njama za wao. Wao, wao, wao. Mwaka mzima tulimcheka Radosław kwa neno hilo, na sasa lilikuwa vinywani mwetu kama tumezaliwa nalo. Radosław alikwenda kumpa Wiesława mkono, naye akaupokea. Kisha Radosław akatuambia kwa upole kwamba mlango ulikuwa wazi. Alisema kweli, na sijamsamehe.

Kesho yake mimi na Lucjan tulimfuata Wiesława nyumbani na barua ya kutaka uchaguzi ufutwe. Ilikuwa na saini ishirini na sita, ilibaki yake. Tulimkuta zizini anaosha ndoo za maziwa. Akafuta mikono, akaisoma amesimama.

"Seweryn, jirani yangu, jana ulifika saa ngapi?"

"Saa saba kasoro dakika kumi."

"Kwa hiyo uliwahi."

"Niliwahi, ndiyo."

Lucjan akaingilia kati. "Bi Wiesława, hayo si ya kuulizana sasa. Yule bwana atazifuta Ijumaa zako."

"Wewe Ijumaa ulikuja lini?"

Wiesława akatoa kalamu kwenye mfuko wa aproni, akanipa mimi, akaweka kidole chini ya saini zetu.

"Hapa pana nafasi. Andika: mimi Seweryn niliwahi, nikasimama nje, nikaitwa, nikakataa kuingia. Ukishaandika hivyo, na mimi naweka saini."

Lucjan akasema hakuna ofisi itakayofuta uchaguzi kwa barua ya namna hiyo. Wiesława akasema anajua. Alinisubiri. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Alikuwa amechoka tu, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye bado anadhani huenda nitaandika.

Niliishika ile kalamu mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi. Kisha nikamrudishia, na yeye akainama kuendelea kuosha ndoo zake.