Midomo Ikutane, Meno Yaachane

Naikumbuka siku niliyonyoosha mkono nikapokea vijiti vya miraa ambavyo sikuvitaka. Ningalisema, "Asante mzee, mimi situmii," mambo yangaliishia hapo, na leo nisingekuwa na la kukuandikia, mwanangu.

Ilikuwa miaka ya sabini. Mimi ni mtu wa Kanja, upande wa Embu. Kwetu ni kahawa na maharagwe. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi ya ualimu katika shule ya msingi karibu na Ruiri, huko Meru, na huko ndiko nilikompata Kendi. Baba yake, Mzee M'Ikiara, alikuwa amehama kutoka milima ya Nyambene akaja Ruiri kufuga ng'ombe, lakini desturi zake hakuziacha mlimani. Bunda la miraa la posa tulilipeleka sisi wenyewe, kama mila ya huko inavyotaka, na hilo silijutii. Ninalojutia ni la pili.

Hilo la pili lilifunguliwa mbele yangu mwezi mmoja baada ya harusi, nilipokwenda kumsalimu. Mzee alifungua majani ya mgomba taratibu, akagawa vijiti viwili viwili kama padri anayegawa sakramenti, kisha akanitazama.

"Shika, mwana wa Embu. Ama kwenu mnatafuna kahawa?"

Watu wanne waliokuwepo wakacheka. Nami nikacheka, nikashika. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na niliona kwamba mwanamume anapimwa kwa mambo kama hayo.

Jumamosi iliyofuata nikaitwa tena. Ikawa kila Jumamosi, kisha na Jumatano, kwa sababu Jumatano ng'ombe walipelekwa kuogeshwa dawa na mzee alikuwa akipumzika. Tulikaa kwa muda wa saa nne, hata tano, taya zikienda. Mzee hakuwa msemaji. Mimi nilikuwa mwalimu, mtu wa kusema kutwa, lakini mbele yake maneno yalinikauka. Nikirudi nyumbani nilikunywa chai ya rangi, vikombe vitatu, maana kinywa kilikuwa chungu na usingizi haukuja.

Kendi ndiye aliyegundua ugonjwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye alikilalia.

"Baba Njeru," aliniambia asubuhi moja akimimina uji, akiniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, "jana ulikuwa unasaga mahindi ya nani?"

"Mahindi gani?"

"Meno. Unasaga kama posho mill ya Ruiri. Nimekugusa, umenyamaza, umebana taya kama mtu anayebeba jiwe. Kisha ukaanza tena."

Nikamwambia ni minyoo. Ndivyo tulivyoambiwa utotoni, kwamba mtoto anayesaga meno usingizini ana minyoo. Nilinunua dawa ya minyoo, nikanywa. Nilirudia baada ya miezi mitatu. Sijui kama minyoo ilikuwepo. Kama ilikuwepo ilikufa bila hatia.

Asubuhi niliamka na maumivu mbele ya masikio. Panja zilinigonga. Nilipopiga mwayo, taya lililia ko, kama bawaba. Kendi hakuficha neno.

"Mwambie Baba umeacha miraa. Hatakumeza."

"Nimwambie nini? Kwamba Mwembu ameshindwa na majani?"

"Basi nimwambie mimi."

"Ukithubutu!"

Neno hilo nililitamka nikiwa nimekaza meno. Hata mchana, mwanangu, nilikuwa nimeyakaza, ila sikujua.

Nikaamua kwamba kuna jino baya. Meru mjini, nyuma ya soko, kulikuwa na fundi wa meno mwenye koleo na kiti kimoja. Alinifungua kinywa, akagonga jino nililomwonyesha.

"Hili ni zima, mwalimu."

"Linauma."

"Linauma, lakini ni zima."

"Ng'oa."

Alipoling'oa, maumivu yalitulia wiki mbili, kisha yakahamia kwa jirani yake. Nilirudi. Kwa muda wa miaka michache nikawa nimekwenda mara nne kwa jumla. Mara ya mwisho fundi alinicheka waziwazi. "Sasa, mwalimu, nikikuona tena hapa nitafikiri unaniletea meno ya watu wengine." Magego yaliyobaki yalikuwa yakiisha yenyewe. Bandu bandu huisha gogo. Vichwa vyake vilikuwa vimelainika kama jiwe la kunolea panga.

Wakati huohuo Kendi alihamisha blanketi lake kwa watoto. Hakugomba. Alisema tu kwamba anaamka saa kumi na moja kukamua ng'ombe na hawezi kukamua akisinzia. Nilimwambia sawa. Nilidhani ni kwa wiki moja.

Miaka kumi na moja ikapita. Sikosei hesabu: alihama mtoto wetu wa mwisho akiwa mchanga, na alirudi mtoto huyo akiwa darasa la tano.

Kilichonitoa huko ni gego lililopasuka katikati nikila githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, shuleni, mbele ya walimu wenzangu. Safari hii nilikwenda hospitali. Daktari wa meno alikuwa msichana. Koti nililovaa lilimzidi umri. Alinitazama kinywani kwa muda mrefu, akashika taya langu pande zote mbili, akaniambia niume. Msuli ukasimama chini ya kidole chake kama yai.

"Mzee, nani alikung'oa haya manne?"

Nikamweleza.

"Yalikuwa na ugonjwa?"

"Fundi alisema ni mazima."

Hakunikemea. Ningependa angenikemea. Aliuliza mengine: natafuna nini, nakunywa nini jioni, navuta sigara, nakoroma, nina jambo gani linalonisumbua. Kwa hilo la mwisho nilisema sina. Akaandika kitu, kisha akasema miraa huamsha mwili na kuyafundisha mataya kazi, na chai kali ya jioni huongezea, lakini wapo wasiotafuna kitu na bado wanabana meno, kwa sababu wamelala na jambo. Alinitengenezea kifuniko cha plastiki cha kuvaa juu ya meno ninapolala, ili yasizidi kulika. Akaniambia nisiuogope huo msuli, niuwekee kitambaa cha maji ya moto kabla ya kulala. Na mchana, kila nikikumbuka, nijichunguze. "Midomo ikutane, meno yaachane," alisema. "Meno hukutana ukila tu."

Jumamosi hiyo nilikwenda kwa Mzee M'Ikiara. Alikuwa amezeeka sana. Bunda lilikuwa tayari mezani.

"Baba," nikasema, "nimekatazwa na daktari. Nimeacha."

Nilidhani nimeharibu. Kisha akalisukuma bunda pembeni kwa kiwiko.

"Mungu ni mwema. Mimi nilikatazwa kabla Njeru hajazaliwa. Tumbo."

"Na hii miraa ya kila Jumamosi?"

"Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Wewe ulikuwa mwalimu, jembe ulikuwa huliwezi, nikakupa miraa." Akacheka mpaka akakohoa. "Nilikuona unaipenda, mwanangu. Nikawa natuma mtu Nyambene akuletee. Ningekuacha utafune peke yako kama mbuzi?"

Nikamtazama. Nikakumbuka kwamba vijiti vyake vilikuwa vichache siku zote, na kijiti kimoja alikishika jioni nzima.

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Nilipomweleza Kendi hakucheka. Usiku wa pili alirudisha blanketi lake, nami nikalala na plastiki kinywani, kimya. Zamani, kabla ya usingizi, tulikuwa na kawaida ya kuongea: ndama, ada, nani amesema nini kanisani. Nilingoja aanze, naye nadhani alingoja nianze. Hatukuijua tena njia ya kuanzia. Tuliishi vizuri miaka mingi baada ya hapo, kwa amani, mpaka nilipomzika.

Mwanangu, ukiamka na taya zimechoka, usilaumu jino wala minyoo. Mwamini anayelala karibu nawe. Masikio yake yanajua. Punguza chai ya jioni. Vitu ulivyojiingiza kuvitafuna kwa ajili ya macho ya watu, viache. Wakikuambia unakoroma na pumzi inakatika, mwambie daktari na hilo. Nenda hospitali mapema, na usimruhusu mtu akung'oe kilicho kizima. Mficha maradhi kilio humfichua. Na kama kuna sentensi moja fupi unayomnyima mtu, mpelekee mchana, ukiwa macho, kabla taya halijaanza kuisaga usiku.

Mungu akupe kitanda chenye mtu wa kuongea naye, na usingizi uwakute bado mnaongea. Mimi nilipokea vijiti viwili kwa sababu ya kicheko cha watu wanne. Vilinigharimu magego manne yaliyokuwa mazima, na sauti ya Kendi gizani, ambayo sikuipata tena.