Kwaya Iliyomnunia Mama Pasi

Asubuhi hii mlango wa kibanda cha dobi uko wazi na mkaa umeshika. Mama Pasi ananyanyua pasi kwa mkono wa kulia, anaishusha juu ya shati, anaisukuma mpaka kwenye ukosi. Kisha anacheka peke yake.

"Umekubali!" anauambia mkono. "Asante Mungu! Nilijua ndiyo basi tena. Dobi bila mkono ni nani?"

Plasta imetolewa juzi. Wiki kadhaa nyuma aliteleza kwenye povu lake mwenyewe, mkono ukavunjika, na kibanda kilikuwa kimejaa nguo za watu. Yeye ni mjane, binti yake ananyonyesha, na wateja, tunawajua, hawana subira. Dobi mwingine yuko ng'ambo ya barabara tu.

Kanisani alishaapa hatakanyaga. Binti alipopata mimba bila ndoa, mzee wa kanisa alimtaja mbele ya waumini wote. Yeye na binti yake wakatengwa. Kwaya aliyoiimbia tangu usichana ikamgeuzia uso.

"Waliniumiza, tena sana," anasema. "Sitadanganya eti kwa sababu naandikwa gazetini."

Basi kesho yake baada ya mkono kuvunjika, nani anabisha hodi? Kiongozi wa kwaya, kanga kiunoni, na wenzake nyuma. Wala hawakuhubiri.

"Mkaa uko wapi, dada?"

Wakapokezana kufua na kupiga pasi mpaka mfupa ukaunga. Ila walizoea majoho ya kwaya yenye marinda, masikini, kwa hiyo suruali ya mwalimu mmoja ilirudi na marinda toka kiunoni hadi chini.

"Nilicheka mpaka mkono ukauma! Naye mwalimu akaivaa hivyohivyo." Hakuna mteja aliyehama.

Je, amesahau? Thubutu! "Mzee yule hajaniomba radhi, na akija nitampasha. Lakini kina mama hawa nao ni kanisa. Kiongozi wao alilia hapo kwenye beseni, akasema, 'Tulikukosea, dada.' Moyo wangu ukatua."

Mchungaji amekubali kumbatiza mjukuu Jumapili ijayo. Binti bado anasita.

"Mama, wakitusengenya je?"

"Watatusengenya, mwanangu," Mama Pasi anajibu, akipuliza majivu. "Na ukiugua watakuja kukufulia. Twende tu. Nimechoka kununa."