Mama Guyo alivyovaa miwani ya mumewe machimboni, Isiolo

Wakuu, salaam aleikum, na habari zenu wengine. Haya niliyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Miaka ya themanini mwanzoni nilitoka Kakamega, nimemaliza form four, miguu haitulii. Lori hadi Nakuru, lingine hadi Nanyuki, la mwisho limebeba viazi. Timau nilitetemeka kwa baridi. Tuliposhuka Isiolo kwenye joto, sweta ikawa mto wa kulalia.

Nikapata kazi ya kupasua mawe ya barabara. Aliyenifundisha ni Galgalo, Mborana mpole. Jicho lake la kushoto lilishaumizwa na kipande cha jiwe. Daktari alimwambia kingine kama hicho, jicho linaenda.

Miwani ya kukinga macho tulipewa wote. Ilining'inia tu kwenye mti wa mgunga, hakuna aliyeivaa.

Shida haikuwa joto, wakuu. Ni kuchekwa. Ukivaa tu, wenzako wanakupigia kelele:

"Rubani! Ndege inaruka saa ngapi?"

Tena kwa Galgalo, kumsalimia mtu umefunika macho ni dharau. Na salamu za Waborana mnazijua: amani, watoto, ng'ombe, malisho, mvua. Alijaribu siku moja, akaivua kwa kila mpita njia, mwishowe akairudisha mtini.

Nyapara alifoka sana. Tulivaa mpaka alipogeuka.

Kisha kipande cha jiwe kikampasua Galgalo nyusi, juu kidogo tu ya lile jicho. Mkewe, Mama Guyo, ndiye aliyekuwa akituletea chai pale. Alimfuta damu.

Kesho yake akaja na birika, miwani ya mumewe usoni, juu ya ushungi. Machimbo yote yakaangua kicheko.

"Mama Guyo, hiyo ndege inafika Nairobi?"

"Kunywa chai wewe abiria. Bado haijajaa."

Alikuja hivyo kila siku, mpaka kicheko kikachakaa. Siku ambayo hakuna aliyecheka, aliivua akamvisha mumewe.

"Baba Guyo, wamenicheka mimi mpaka wamechoka. Vaa sasa."

Akavaa. Nami nikavaa. Wengine wakafuata polepole, kama watu wanaoingia maji baridi.

Nilipoondoka Isiolo kabisa, Galgalo alinisindikiza hadi kwenye lori. Aliivua miwani ili aniage vizuri. Macho yote mawili mazima, yamejaa maji.

"Ni hii vumbi," akasema.

Tangu hapo, nikiona mtu havai kinga kazini, simwiti mjinga. Namuuliza anaogopa kuchekwa na nani.

Na nyinyi wakuu, kazini kwenu ni nani aliyewahi kukubali kuchekwa kwa niaba yenu?